Kitambulisho cha mwandishi katika taaluma ya sheria

Kitambulisho cha mwandishi ni namba ya kudumu inayomtenga mwandishi mmoja na wengine wote, hata jina lake likibadilika. Kinachojulikana zaidi kwa watafiti ni ORCID, kilichoanza kutolewa Oktoba 2012. Kina tarakimu 16 katika mafungu manne, na alama ya mwisho huhakiki zilizotangulia. Mtafiti hujisajili mwenyewe bila malipo.

Haja yake inaonekana wazi Onduparaka, Arua, nchini Uganda, na kaskazini hadi Koboko. Kwa desturi ya Walugbara wa huko, kila mtoto hupewa jina lake, hivyo ndugu wa baba mmoja huweza kukosa hata jina moja la pamoja. Mwanaanthropolojia John Middleton alionyesha kuwa mengi ya majina hayo hutaja yaliyoisibu familia wakati mtoto anazaliwa: kifo, umaskini, ugomvi. Misiba hiyo hufika nyumba nyingi, na majina hujirudia vivyo hivyo. Kwa Waislamu, Muhammad na Mohamed huweza kuwa mtu yuleyule. Mwandishi anayetanguliza jina la kwao katika makala moja na la dini katika nyingine hajakosea, ila kazi zake hutawanyika kana kwamba ni za watu wawili. Tanbihi za kisheria haziponyi hilo: mtindo wa unukuzi wa OSCOLA huagiza jina linukuliwe kama lilivyochapwa, hivyo kila tofauti hudumu.

Wanasheria hawana sababu ya kuiona namba kuwa kitu kigeni. Katika ULII, hazina ya mtandaoni ya sheria za Uganda, hukumu ya Mahakama ya Juu ya Uganda hutambulishwa kwa mwaka, herufi UGSC na namba yake, kwa kuwa majina ya wadaawa peke yake hayatoshi. Ikiwa hukumu imestahili uangalifu huo, anayeichambua anaustahili pia, hasa kijana wa Arua ambaye jina lake halijavuma Kampala.

Wapo wanaohofia ufuatiliaji. Hofu hiyo ina uzito kwa anayeandika dhidi ya wenye mamlaka, ndiyo maana namba isiwe sharti la kuchapishwa. Lakini mwenye ORCID huchagua mwenyewe nini kionekane na nani akione. Wengine husema namba haithibitishi ubora wa makala. Ni kweli, na haikukusudiwa hivyo. Ubora ni kazi ya wahariri na wasomaji. Pingamizi zito zaidi ni kwamba majarida mengi ya sheria hayana DOI, yaani namba ya kudumu ya makala yenyewe, hivyo makala haziingii zenyewe katika rekodi ya mwandishi. Hata hapo anaweza kuziingiza kwa mkono, zikiwemo za kabla ya 2012, na mhariri anaweza kuchapa namba chini ya jina, kama lifanyavyo jarida la haki za binadamu la Afrika, African Human Rights Law Journal, la Pretoria.

Waliokwisha kufariki hawawezi kujisajili. Kwao ipo ISNI, namba ya kiwango cha ISO 27729 ambayo huweza kuombwa na maktaba, na mpangilio wake wa tarakimu 16 ndio ORCID iliofuata.