Ngitili: ghala la maji la Wasukuma

Mwezi Septemba, mito mingi ya Shinyanga huwa mchanga mtupu. Mama anashuka na ndoo na kata, anapiga magoti katikati ya mkondo, anaanza kufukua kwa mikono. Mchanga wa juu unaunguza vidole. Wa chini yake una ubaridi, kisha unakuwa mweusi, kisha shimo linaanza kuvuja maji kidogo kidogo kama jasho. Ya kwanza anayachota na kuyamwaga, maana yana tope. Anangoja mengine yatulie. Kina cha shimo hilo kinaeleza mwaka ulivyokuwa. Mwaka wa neema mkono unazama hadi kiwiko tu. Mwaka wa shida anayechimba anatoweka ndani, na ndoo inashushwa kwa kamba.

Maji hayo yalianza safari mbali na mto. Wasukuma wanaijua ardhi yao kwa majina: juu kwenye miinuko ya mawe ni luseni, udongo wa kichanga unaokunywa mvua upesi, chini yake ibambasi, mgumu kama sakafu, bondeni kabisa mbuga, mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi Amani, aliuona mpangilio wa namna hii Afrika Mashariki akauita katena, yaani mnyororo, na neno hilo linafundishwa vyuoni duniani kote hadi leo. Mvua iliyozama juu kwenye kichanga husafiri chini kwa chini, ikatokea miezi kadhaa baadaye kama chemchemi au unyevu wa mchanga wa mto. Lakini mwinuko ukibaki kipara, bila jani wala mzizi, mvua inaporomoka juu juu kwa kishindo, inajaza mto siku mbili, basi.

Upara huo ulikuja kwa hatua. Miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliazimia kumtokomeza mbung'o, anayeambukiza ng'ombe nagana na watu malale. C.F.M. Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o huko Shinyanga hadi alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, aliwatoa watu kwa maelfu wakafyeka vichaka. Mbung'o walipungua, na hilo si la kubeza mahali ambapo ng'ombe ndiye akiba ya nyumba. Pamba ikafuata, mifugo ikaongezeka. Katikati ya miaka ya 1970, Operesheni Vijiji ikawahamisha watu kutoka kwenye makazi yao ya zamani, wakaacha nyuma ngitili zao.

Ngitili ni eneo la majani na miti linalofungwa mvua zinapoanza, likafunguliwa kiangazi kinapokolea, kipande kwa kipande, ili mifugo ivuke miezi ya njaa. Mwenye ngitili anaweza kuwa mtu, ukoo au kijiji. Aliyehamishwa hakuweza tena kuilinda yake, na isiyo na mlinzi ikaliwa na kila mwenye ng'ombe. Kwangu mimi hilo lilikuwa pigo kubwa kuliko mapanga ya wafyekaji, kwa sababu kichaka kilichofyekwa bado kina visiki.

Mwalimu Nyerere alipopita Shinyanga mwaka 1984, alishtushwa na alichokiona. Watu walikuwa wakiuita mkoa huo jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliopata msaada wa Norway. Ngitili zilizokuwa kwenye kumbukumbu mwaka huo zilikuwa hekta 611. Kilichofanikiwa zaidi ya miche ya vitaluni kilikuwa kuyafunga maeneo na kuviacha visiki vichipue, huku dagashida, baraza la kimila, likitoza faini na sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, wakilinda. Kufikia mwaka 2004 ngitili zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Je, miti hiyo haikunywa maji yote? Ni swali la haki, maana msitu mzito hunywa sana. Utafiti wa Ulrik Ilstedt na wenzake nchini Burkina Faso, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba katika nchi zenye kiangazi kirefu, miti ya wastani iliyoachana ndiyo inayozamisha maji mengi ardhini: mizizi na wadudu hutoboa udongo, na miti si mingi kiasi cha kuyamaliza. Ngitili, yenye migunga iliyotawanyika na majani katikati, inafanana na hali hiyo.

Uhai nao ulirudi. Watafiti waliozikagua ngitili walihesabu aina 152 za mimea na 145 za ndege. Fisi pia walirudi, na wafugaji wakalipa gharama yake zizini. Wanawake walitembea muda mfupi zaidi kutafuta kuni na maji. Mto Manonga, unaopokea maji ya sehemu ya nchi hii, humwaga Wembere, mbuga yenye ndege wengi wa majini. Kinachofanyika kwenye miinuko ya Shinyanga kinawagusa hata hao.

Mwaka 2012 Bukombe, iliyokuwa ndani ya Shinyanga ile ya HASHI, iliingia mkoa mpya wa Geita. Huo ni ukanda wa dhahabu, na huko miti inatafutwa kwa ajili ya matimba, magogo yanayozuia kuta za maduara, yaani mashimo ya dhahabu, zisiwafukie wachimbaji. Pampu zinanguruma kuyatoa maji ya ardhini ili watu waufikie mwamba. Natamani maji hayo yapimwe zebaki na metali nyingine, na yaliyo salama yaelekezwe kwenye malambo yaliyochimbwa kwenye kichanga juu ya bonde, yazame upya. Natamani pia kila kikundi cha wachimbaji kiwe na ngitili ya matimba, yenye mipaka na walinzi wake, inayokatwa kwa zamu kama ile ya ng'ombe inavyofunguliwa kwa zamu. Visiki bado vipo.