Kumfundisha mtoto baiskeli

Kumfundisha mtoto baiskeli ni kazi ya kumwezesha mtoto mdogo kuendesha baiskeli ya magurudumu mawili peke yake bila kuanguka. Watoto wengi huweza kukanyaga pedali na kujiongoza wakiwa na umri wa miaka 4 hadi 7, ingawa wapo wanaowahi na wanaochelewa bila kuwa na kasoro yoyote. Jambo gumu katika kujifunza ni mizani. Kukanyaga pedali mtoto huelewa kwa muda mfupi.

Jinsi mizani inavyofanya kazi

Baiskeli iliyosimama huanguka. Ikiwa katika mwendo, mwendeshaji huizuia isianguke kwa kugeuza usukani kidogo kuelekea upande inakoinamia, na hivyo magurudumu hurudi chini ya uzito wake. Marekebisho hayo hufanyika mfululizo, na mtu aliyezoea hayatambui. Ndiyo sababu maelezo ya maneno humsaidia mtoto kidogo sana: mwili wake ndio unaojifunza, na anayemfundisha mara nyingi hawezi kueleza anachofanya yeye mwenyewe.

Mwendo wa polepole mno ni mgumu kuliko mwendo wa wastani, kwa kuwa baiskeli huhitaji kugeuzwa zaidi ili isimame wima. Mtoto mwenye hofu hupunguza mwendo, na kwa kufanya hivyo huongeza uwezekano wa kuanguka.

Magurudumu ya pembeni

Njia iliyozoeleka katika nchi nyingi ni kufunga magurudumu mawili madogo pembeni mwa gurudumu la nyuma. Mtoto hufurahi kwa kuwa huondoka siku hiyohiyo, lakini anachojifunza ni kukanyaga tu. Baiskeli ya namna hiyo hailali upande inapokata kona, kwa hiyo mtoto huzoea kuigeuza kama baiskeli ya magurudumu matatu, na hata kuegemea nje ya kona. Magurudumu hayo yakiondolewa inabidi aache mazoea hayo na kuanza upya.

Baiskeli isiyo na pedali

Njia nyingine ni kuanza na baiskeli ndogo isiyo na pedali wala mnyororo, ambayo mtoto huisukuma kwa miguu akiwa ameketi. Wazo hilo ni la zamani kuliko pedali zenyewe: mashine ya Karl Drais, aliyoiendesha Mannheim, Ujerumani, mwaka 1817, ilisukumwa vivyo hivyo, na pedali zilikuja miaka mingi baadaye. Utafiti uliofanywa nchini Ureno na kutangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba walioanza kwa njia hii walijua baiskeli wakiwa na umri mdogo kuliko walioanza na magurudumu ya pembeni.

Si lazima kununua baiskeli ya pekee. Pedali za baiskeli ya kawaida ya mtoto zinaweza kufunguliwa kwa spana. Ya kulia hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume na mshale wa saa, lakini ya kushoto ina nyuzi za kinyume na hufunguliwa kwa kufuata mshale wa saa. Wasiojua hilo huikaza zaidi hadi kuharibu nyuzi. Kiti hushushwa mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini. Mtoto hutembea nayo, kisha hukimbia, kisha huinua miguu na kuteleza. Akiweza kuteleza mita kadhaa na kukata kona bila kugusa chini, pedali hurudishwa.

Baiskeli ya mtu mzima

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, hasa vijijini, watoto hujifunza kwa baiskeli kubwa ya nyumbani, ambayo mara nyingi ina magurudumu ya inchi 28. Mtoto asiyefikia kiti huanza kwa kuikokota, halafu huweka mguu mmoja juu ya pedali na kusukuma ardhi kwa mguu mwingine. Baadaye hupitisha mguu chini ya bomba la juu la fremu na kukanyaga akiwa amesimama upande. Hatua ya kusukuma kwa mguu mmoja inafanana na kuteleza kwa baiskeli isiyo na pedali, na ndiyo maana wengi hufaulu bila mwalimu. Hatari ni uzito wa baiskeli, breki zisizofikiwa na vidole vifupi, na mnyororo usio na kifuniko.

Kumshika mtoto

Anayesaidia hushika mabega au kwapa za mtoto, au nyuma ya kiti, wala si usukani. Akishika usukani, yeye ndiye anayeweka mizani na mtoto hajifunzi kitu. Kuachia kwa siri hufanya kazi kwa baadhi ya watoto; wengine wakigeuka na kuona wameachwa huanguka na kukataa kurudia siku hiyo. Kukubaliana naye kabla ni salama zaidi.

Eneo linalofaa ni tambarare, gumu na lisilo na magari, kama uwanja wa shule siku ya mapumziko. Mchanga hukwamisha gurudumu la mbele, na mteremko mkali hufaa tu kwa anayejua breki.

Usalama

Breki hufundishwa kabla ya mwendo kuongezeka, kwani mtoto anayesimamisha baiskeli kwa miguu atashindwa akiwa mbio. Kofia ngumu hukaa sawa juu ya paji la uso, karibu vidole viwili juu ya nyusi. Ikisukumwa kisogoni haikingi paji la uso. Kamba za viatu na nguo ndefu huwekwa mbali na mnyororo.

Kujua baiskeli si sawa na kuwa tayari kwa barabara. Mtoto wa miaka 6 anaweza kuendesha vizuri uwanjani, lakini bado hawezi kukadiria umbali na mwendo wa gari linalokuja, wala kutazama nyuma bila usukani kufuata kichwa chake.