Mjomba Alikiita Chombo

Daftari lina jalada gumu na mistari ya samawati. Nililinunua siku tuliyolileta trela nyumbani, nikaazimia kuandika humo kila tutakalolifanyia, na kuandika kwa Kiswahili. Kazi yangu ni tafsiri. Mchana kutwa nawatafutia wengine maneno, nikaona haya kutunza mali yangu mwenyewe kwa maneno ya kuazima. Mstari wa kwanza ulidai jina la kitu chenyewe. Ukabaki mtupu siku tatu.

Kitu chenyewe ni nyumba ya faibaglasi ya futi 13, magurudumu mawili, meza inayolazwa ikawa kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili na madirisha ya kutosha kumwona jirani. Gamba lake ni vipande viwili, cha juu na cha chini, vilivyounganishwa kiunoni kama kifuu kilichorudishiwa nusu yake. Babu wa ukoo huu ni Boler, aliyebuniwa na Ray Olecko mjini Winnipeg, Kanada, mwaka 1968, akapewa jina la ile kofia ya duara ya Waingereza kwa sababu alifanana nayo. Hapa Minnesota tunakoishi, katika mji mdogo wa Backus, matrela ya ukoo huo yanaundwa hadi leo. Letu ni la mkono wa tatu, na lilifika likiwa na harufu ya godoro la mtu mwingine.

Neno lililo karibu ni trela, ambalo madereva wetu wengi hulitamka tela. Lakini mtu wa Chalinze au Mariakani akisikia tela anaona semi la tani thelathini na utingo aliyelala juu ya mifuko ya saruji. Nikaongeza: trela la kulala. Likasikika kama gari lililochoka. Nyumba-trela? Hapo ni kamati inayozungumza, tena baada ya chakula cha mchana. Karavani tumelipata kwa Waingereza, nao walilipata mbali, kwani asili yake ni Kiajemi na maana yake ilikuwa kundi zima la wasafiri na wanyama wao, kabla halijanywea likawa gari moja la kulalia. Kundi hilo sisi tunaliita msafara, na mbele yake zamani alitangulia kirangozi. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwenye Airstream, alianza kuongoza karavani 41 za alumini kutoka Cape Town kwenda Kairo, wakapitia Kenya na Ethiopia. Hao walikuwa msafara. Sisi ni watu wanne na birika.

Nusura nishinde kwa behewa. Zamani behewa lilikuwa ua wa ndani ya nyumba, reli ilipokuja likapanda garimoshi. Sehemu ya nyumba iliyogeuka kitu cha kukokotwa: nini zaidi? Lakini neno haliulizwi lilikotoka, linaulizwa linakompeleka msikilizaji, na anayesikia behewa hutafuta reli.

Siku ya nne nikampigia mjomba wangu, ambaye ameunda na kukarabati mashua na majahazi kule pwani ya Nungwi tangu kabla sijazaliwa.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mwanangu. Kuna nini, huko si alfajiri?”

Nikamtumia picha. Akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa akiikuza kwa vidole.

“Chombo kizuri,” akasema. “Kinavuja wapi?”

Sikuwa nimemwambia kwamba kinavuja.

Nilikata simu nikajaza ule mstari wa kwanza. Pwani, chombo ni jahazi kabla hakijawa sufuria, na siku hizi pikipiki na magari yote ni vyombo vya moto. Chetu hakina moto, kinavutwa na chenye moto, lakini jina linakitosha. Tena limenimalizia ugomvi wa sarufi uliokuwa ukinikera: trela hili au trela hii? Kitrela, nacho, kinasikika kama tusi. Chombo kimeshajikalia katika ki-vi, kidogo bila kudharauliwa.

Baada ya hapo niligundua kosa la siku zile tatu. Nilikuwa nikihangaikia jina la kitu kizima, kumbe kitu kizima hakiharibiki. Huharibika mshono, beringi, tairi, mrija. Ukiwa umelala chali chini ya sakafu yake na uchafu unakudondokea machoni, hakuna anayekuuliza kama ni karavani au trela. Sehemu ndizo zinazodai majina, na majina mengi yalikuwa yameshatandazwa mchangani Nungwi, pembeni ya patasi ya mjomba.

Chukua huo uvujaji. Ulikuwa kwenye kifuniko cha hewa, juu darini. Aliyekuwa nacho kabla yetu alizungushia silikoni, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayejipaka wanja gizani, na kila mvua ikaendelea kutafuta njia yake. Mjomba alipoona picha ya pili akasema, “Huyu hakuziba, amefunika.” Kwa kazi hiyo kuna maneno matatu ambayo mwongozo wa matengenezo huyarundika katika neno moja. Kufunika ni kuweka kitu juu ya kasoro usiione. Kuziba ni kutia kitu ndani ya tundu. Kukalafati ni kazi ya mshono: unakubali kwamba vipande viwili vitacheza maisha yao yote, kwa hiyo unaweka kati yao kitu kitakachocheza navyo. Fundi wa jahazi husokota pamba, huilowesha mafuta, huipigilia kati ya mbao na mbao kwa patasi na nyundo, na chombo kikiingia majini pamba huvimba ikakaza. Kamusi ya Johnson ya 1939 inalo neno hilo. Waarabu wanalo, Wareno wanalo, Waitaliano wanalo; mafundi wa pwani za dunia wameliazimana hadi hakuna anayedai deni.

Nilikwangua silikoni kwa Jumamosi mbili, kwa kisu cha plastiki ili nisijeruhi gamba. Ubaya wa silikoni ni kwamba haitaki kushikwa na chochote baada yake, hata na silikoni mwenzake, kwa hiyo ikibaki hata ukungu wake tu kazi yote ni bure. Kisha nikaweka utepe wa butili, kitu cha kijivu kinachonata kama ubani uliokwisha kutafunwa. Unaulaza chini ya ukingo wa kifuniko, unakaza skrubu kidogo kidogo kwa kuvuka kutoka pembe hadi pembe, unauona unachungulia kando. Kesho yake unakaza tena, kwa sababu umeshakaa. Unakata uliozidi. Butili haivimbi kama pamba, lakini haikauki, na hilo ndilo lililomfanya mjomba aikubali: “Basi ipo hai humo ndani.” Nikaandika: Kalafati, kifuniko cha juu, Juni 14. Methali ya ufa na ukuta watu wameniletea mara nyingi tangu hapo. Chombo hiki hakina ukuta wa kujenga, kina gamba la unene wa biskuti.

(Sifa, nayo, mbali na kuwa neno la kumpamba bwana harusi, masikioni mwa fundi ni mafuta ya papa ya kupaka mbao. Harufu yake haina sifa. Sikupata pa kuyatumia, ila sikuweza kupita bila kuyataja.)

Neno lililonitia hofu lilikuja barabarani. Safari ya kwanza ndefu tulishika barabara namba 61, ile inayotoka Duluth na kufuata ufuko wa Ziwa Superior. Tulikuwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, lori likatupita, upepo wake ukatusukuma, na chombo kikaanza: kushoto, kulia, kushoto zaidi, mpaka ikawa gari linaendeshwa kutoka nyuma. Mume wangu aliondoa mguu kwenye mafuta, hakugusa breki, akashika usukani bila kupigana nao hadi kikatulia. Hakuna aliyesema neno kwa dakika nzima. Kisha mtoto wa kwanza akauliza kama tungekufa.

Nilichokuwa nikikiwaza, Mungu anisamehe, ni kwamba kimekwenda mrama. Watangazaji husema mazungumzo yamekwenda mrama, bajeti imekwenda mrama, ndoa imekwenda mrama, na sote tunaelewa mambo yameharibika. Mrama wenyewe ni kule kuyumba kwa chombo baharini, ubavu huu na ubavu huu. Nimelitumia neno hilo miaka thelathini kama sarafu iliyofutika sura. Pale kando ya ziwa lile sura yake ikarudi.

Sababu ilikuwa uzani. Tulipofika kambini tuliuweka mzani wa bafuni chini ya ncha ya mbele, ncha ikiwa katika kimo chake cha kawaida cha kuvutwa. Chombo na vitu vyetu ni kama kilo 650. Mzani ulisoma 38. Inatakiwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikalie gari linalovuta. Sisi hatukufika hata 6. Kwa Kiingereza mkono ule wa mbele huitwa ulimi, na uzani huo huitwa uzito wa ulimi. Nilimwambia mjomba kwa simu, akacheka hadi akakohoa. Kwetu mwenye ulimi mzito ni yule ambaye maneno hayamtoki, na sikuwa tayari kukiandikia chombo changu ugonjwa wa kusema. Akaniuliza swali moja: “Farumi mmeiweka wapi?”

Farumi ni mawe au mchanga unaotiwa ndani ya jahazi lisilo na shehena, lisiwe jepesi likapinduliwa na upepo. Sisi hatukuwa na mawe. Tulikuwa na dumu la maji la lita 20 na sanduku la vyuma lenye kilo 25, vyote nyuma kabisa, kwa sababu nyuma ndiko kwenye kabati kubwa. Tukavihamishia chini ya benchi la mbele. Mzani ukasoma 70. Hatukuongeza wala kupunguza hata kijiko, na kurudi Duluth malori yalitupita bila kutugusa. Daftarini: Farumi mbele. Nimepigia mstari mara mbili.

Si kila kitu kilitoka baharini. Pale chombo kinapokutana na gari kuna tufe la chuma la inchi 2 na kikombe kinachoketi juu yake, kikizunguka pande zote bila kuchomoka. Neno mpira halifai, maana watoto wataleta mpira. Nimeyaita maungio hayo nyonga, kwa kuwa ndivyo paja linavyokaa kiunoni, na kama nyonga, yanataka mafuta kidogo na heshima. Chini yake minyororo miwili hupishana kama mikono iliyokunjwa, ili nyonga ikiteguka mkono wa mbele uangukie juu ya minyororo, usichimbe lami.

Kwenye beringi nililazimika kukana neno nililolipenda. Gereji nyingi za nyumbani huziita gololi zile zinazozunguka ndani, na katika baiskeli kweli ni gololi. Za ekseli yetu ni vigogo vidogo vya chuma, vyembamba upande mmoja, vimepangwa duara. Unaweka donge la grisi kiganjani, unaikandamiza beringi kwenye ukingo wa donge, unakandamiza tena, mpaka grisi ichomoze upande wa pili kama tambi. Kushindilia, basi: neno la gunia na la gobori. Kila mwaka mara moja, na mikono haisafiki siku mbili.

Tairi nitazipitia haraka. Zina tarakimu nne ubavuni: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kwa trela dogo tairi huzeeka kabla ya kuchakaa, na baada ya miaka mitano au sita haziaminiki hata kashata zake za kukanyagia lami zikiwa mbichi. Umri, si upara.

Yupo mtoto mmoja wa istilahi niliyemzaa na ikanibidi nimzike. Maji yakiganda huongezeka karibu asilimia 9, na Minnesota mrija uliosahaulika hupasuka Novemba ukakuambia Aprili. Kwa hiyo kila vuli tunakausha mabomba na kuyajaza kimiminika cha waridi kisichoganda upesi. Kwa rangi yake tukakiita sharubati. Jina lilipendwa sana nyumbani, hadi jioni moja nikamkuta mdogo wetu ameshika kikombe, anasubiri zamu yake. Aina hii si kali kama ile ya injini, lakini si kinywaji. Siku hiyo hiyo nikaandika kwenye galoni, kwa herufi kubwa, DAWA YA MABOMBA. Ni neno baya, halina ladha yoyote, na ndiyo maana limebaki.

Januari nikampelekea mjomba picha ya chombo kimefunikwa theluji hadi dirishani. Hakuuliza kuhusu baridi. “Mmekipweleza vizuri,” akasema, kana kwamba maji yamekupwa tu na yatarudi jioni. Kisha akaitazama tena. “Lakini omo imelala. Theluji ikiyeyuka maji yatakaa wapi?”

Nikavaa mabuti. Gurudumu la jeki lilikuwa limegandana na ardhi, nikalimwagia birika la maji vuguvugu, nikapokezana mikono kwenye mpini mpaka chombo kikainua omo, yaani pua yake. Daftari lilikuwa ndani ya chombo, kalamu imeganda wino, nikaipasha kwapani.

Omo juu, inchi 4.