Ng'ombe wa Shosho Hana Makaratasi

Ukiishi Section 58, shoo ya ASK ni kama harusi ya jirani: hata usipoalikwa, muziki utausikia. Miaka yote nilikuwa naenda kwa sababu ya bembea na chipsi. Kisha mwaka mmoja shosho akashuka kutoka Njoro, na siku nzima ikaishia kwenye ringi ya ng'ombe.

Walikuwa wanapita Friesian na Ayrshire, wameoshwa hadi wanang'aa, kila mmoja na cheti chake. Shosho alitazama kiwele kimoja kwa muda mrefu, akaniuliza, "Sasa Wairimu wangu anaweza kuingia hapa?"

"Wairimu ni gredi, shosho. Hawa ni pedigri."

"Na huyo gredi ndiye alikusomesha."

Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma historia, na nikakuta kwamba ukuta kati ya gredi na pedigri si mrefu vile nilivyodhani.

Mwaka 1903 Lord Delamere alipata ekari 100,000 kule Njoro, akaagiza mifugo ya kigeni. Wengi walikufa kwa maradhi. Mwaka 1904 mkataba wa Waingereza ukawaondoa Wamaasai katika malisho yao ya Bonde la Ufa. Walowezi wakawa na nyasi, lakini hawakuwa na ng'ombe wa kuzistahimili hali za hapa. Dawa ikawa kuchanganya: dume la Ulaya kwa jike wa kienyeji. Ndama akawa nusu, wa kizazi kilichofuata robo tatu, kisha saba kwa nane. Huyo ndiye gredi.

Kitabu cha kusajili mifugo, Kenya Stud Book, kilianzishwa mwaka 1920. Hakikumfungia gredi mlango. Kilimpa ngazi: mfugaji akitumia madume yaliyosajiliwa na kuandika kila uzao, vizazi vya mbele vinapanda hadi pedigri. Kwa hivyo kuna pedigri wa Kenya ambaye nyanya ya nyanya yake alikuwa zebu. Hata Sahiwal wa Naivasha, anayesifiwa leo kama aina kamili, alijengwa hivyo: madume kutoka Bara Hindi, na majike wengi wa hapa hapa.

Shida ni kwamba ngazi haikuwa ya kila mtu. Wakati wa ukoloni Waafrika wengi walizuiwa kufuga gredi, na mlango ulianza kufunguka kwa dhati baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Wairimu ana mababu kama ng'ombe yeyote. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaandika.

Basi chotara awe na ringi yake katika maonyesho ya kitaifa? Wafugaji wa pedigri wana hoja, na si ya kiburi tu. Dume chotara hana uhakika: ndama mmoja atafuata baba, mwingine atafuata bibi. Ukimpa dume huyo utepe, watu watanunua bahati nasibu. Hapo nakubali, ringi ya madume ibaki ya pedigri.

Lakini jike ni hesabu nyingine. Yeye apimwe kwa kazi yake: amezaa mara ngapi, ametoa lita ngapi, miguu na kiwele vimebebaje miaka hiyo yote. Na sharti la kuingia liwe moja, rekodi. Mwenye ng'ombe akitaka utepe, itabidi aanze kuandika, na akianza kuandika, tayari amekanyaga ngazi ya 1920.

Nilimweleza shosho haya yote. Akasema maneno ni mengi, nimletee daftari. Sasa Wairimu anaandikwa asubuhi na jioni, na jina la dume aliyempa mimba liko ukurasa wa kwanza, kwa kalamu nyekundu.