Kipindupindu Visiwani: Kutoka Majahazini hadi Kwenye Vinasaba

Kipindupindu si mwenyeji wa visiwa vyetu. Aliyetangulia kulionyesha hilo kwa ushahidi ni James Christie, tabibu wa Sultani wa Zanzibar, aliyeushuhudia ugonjwa mkubwa wa 1869 na 1870. Kitabu chake cha 1876 kinaufuatilia ugonjwa kutoka pande za Bahari ya Shamu, kupitia nchi ya Wamasai, ukateremka na misafara hadi Pangani, kisha ukavuka bahari hadi Unguja. Nao haukuwa wa kwanza, kwani pwani ilikwisha kupigwa mwaka 1821, 1836 na 1858.

Kimelea chenyewe, bakteria aitwaye Vibrio cholerae, kilitambulishwa na Robert Koch mwaka 1883 na 1884. Sumu yake ilichelewa kujulikana. Sambhu Nath De aliithibitisha huko Calcutta mwaka 1959 tu. Sumu hiyo hujibandika kwenye utumbo mwembamba na kuzilazimisha seli zimwage chumvi, na maji huifuata chumvi. Mtu mzima huweza kupoteza lita kadhaa kwa siku moja, na asiporudishiwa maji na chumvi hufa angali na fahamu zake. 

Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos waligundua jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo la ajabu kuliko yote: jeni za sumu hazikuwa mali ya kimelea tangu asili. Ziliingizwa na kirusi kinachoshambulia bakteria. Kimelea kisicho na jeni hizo huweza kuishi majini bila kuleta maafa haya.

Wimbi la saba la kipindupindu duniani, lililoanzia Sulawesi mwaka 1961, lilifika Afrika mwaka 1970. Zanzibar liliingia 1978 katika kijiji cha wavuvi: wagonjwa 411, waliokufa 51. Tangu hapo kipindupindu kilirejea mara kwa mara, Unguja na Pemba. Mwaka 2009 shehia za visiwa vyote viwili, Mwambe ya Pemba ikiwamo, zilipewa chanjo ya kunywa. Waliomaliza dozi mbili walikuwa karibu 24,000, nusu ya waliokusudiwa, na kinga yao ilikadiriwa kuwa asilimia 79.

Jenomu nzima ya kimelea, yaani vinasaba vyake vyote, herufi kama milioni 4 katika kromosomu mbili, ilichapishwa mwaka 2000. Mwaka huohuo ilifunguliwa Maabara ya Afya ya Jamii huko Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, yenye jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea kutoka Italia aliyefariki 1993. Herufi chache za jenomu hubadilika kila mwaka, na mabadiliko hayo ndiyo yanayoonyesha kimelea kipi ni cha ukoo upi.

Kwa njia hiyo, mwaka 2017 François-Xavier Weill na wenzake walilinganisha jenomu 1,070 kutoka nchi 45 za Afrika. Walikuta kwamba wimbi la saba limeingizwa Afrika mara 11 au zaidi tangu 1970, na chimbuko lake ni Asia. Baadaye walionyesha kwamba ukoo uliosababisha janga la Yemen kuanzia 2016 ulitokea Asia Kusini, nao ulikwisha kupita Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Bahari aliyoichunguza Christie bado ni njia ya pande mbili.

Jenomu haimtaji msafiri wala chombo, lakini inaukanusha uvumi kwamba maradhi haya yamezaliwa na kijiji fulani au na watu fulani. Hilo ni jambo kubwa kwa wavuvi wa Pemba, ambao hulaumiwa upesi.

Zanzibar imepanga kukitokomeza kipindupindu ifikapo 2027. Tunaomba kila sampuli ya Pemba isomwe Pemba, na fedha za visima na mabomba zifike shehiani kabla ya masika, maana chanjo na jenomu haziwezi kushika nafasi ya maji safi.