Kusimama Nyuma ya Mchezaji

Nilipokuwa mdogo, wazee wa mtaani kwetu walicheza karata barazani kila jioni. Sisi watoto tuliruhusiwa kutazama kwa sharti moja: simama nyuma ya mchezaji, ona karata zake ukipenda, lakini mdomo uwe umefungwa. Ukiguna tu, unafukuzwa. Raha yenyewe ilikuwa hapo. Nilijua alichonacho mzee mmoja, nikatazama uso wa mwenzake asiyejua.

Miaka mingi baadaye, chumbani hosteli, nilipata raha ileile kwenye simu. Ilikuwa video ya mwaka 2003 kutoka Las Vegas, fainali ya mashindano makubwa ya poka yaitwayo World Series of Poker. Kati ya wachezaji 839 walikuwa wamebaki wawili. Mmoja ni Chris Moneymaker, mhasibu wa miaka 27 kutoka Tennessee, ambaye aliingia kwa kushinda shindano dogo la intaneti lililomgharimu dola 86. Wa pili ni Sammy Farha, mchezaji mzoefu mzaliwa wa Lebanon, mwenye sigara mdomoni ambayo haijawashwa.

Moneymaker hakuwa na kitu. Karata alizozisubiri hazikuja. Farha alikuwa na jozi ya tisa, na jozi hiyo ingetosha kushinda. Moneymaker akasukuma kila alichonacho katikati ya meza, akanyamaza. Farha akafikiri, akafikiri tena, kisha akatupa karata zake. Ule ulikuwa mkwara mtupu, na Farha peke yake ndiye aliyepaswa kuugundua. Sisi watazamaji tulikuwa tunaujua tangu mwanzo. Usiku huohuo Moneymaker alitwaa ubingwa na dola milioni 2.5.

Mwenzangu wa chumbani, ambaye kila wikiendi hubeti mechi za Ulaya, aliitazama mara mbili. Alichouliza ni kimoja tu: "Dola 86?"

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na swali lake lilinisumbua kuliko nilivyotaka. Siku hizi watu huuliza kama poka itaendelea kupendwa, na kama televisheni itaendelea kuionyesha, wakidhani hilo ni swali moja. Nilipofuatilia, niliona ni maswali mawili, na kwamba swali la mwenzangu limejificha katikati yake.

Mashindano yale yalianzishwa mwaka 1970 na Benny Binion, mwenye kasino ya Horseshoe mjini Las Vegas. Kamera za CBS zilifika mapema, mwaka 1973, na baadaye ESPN ikayachukua. Lakini kulikuwa na kasoro kubwa: mtazamaji hakuona karata. Aliona wanaume wamekaa kimya, mmoja anasukuma visahani vya plastiki, mwingine anaacha. Ni sawa na kutazama mpira ambao hauonekani.

Aliyeondoa kasoro hiyo ni Henry Orenstein, Myahudi mzaliwa wa Poland. Wanazi waliwaua wazazi wake. Mwaka 1944, akiwa kambini, lilitoka tangazo la kuwatafuta wafungwa wenye ujuzi wa sayansi na hesabu. Orenstein hakuwa mwanasayansi, lakini alijiandikisha, akawaandikisha na ndugu zake. Uongo huo ulimsaidia kubaki hai. Baada ya vita alihamia Marekani, akatajirika kwa kutengeneza vitu vya kuchezea watoto, na mwaka 1995 akapata hataza ya meza ya poka yenye kamera ndogo za kuonyesha karata zilizofichwa. Mtu aliyewahi kuponea kwenye siri aliyoificha ndiye aliyewapa mamilioni ya watu nafasi ya kuziona siri za wengine.

Uingereza ndiko wazo la namna hiyo lilikotangulia kwenye skrini. Mwaka 1999 Channel 4 ilianza kuonyesha Late Night Poker, kwenye meza yenye vioo na kamera chini yake. Marekani ikafuata: World Poker Tour ilianza kurushwa mwaka 2003, na mwaka huohuo ESPN ikaonyesha ushindi wa Moneymaker. Mchezo wenyewe haukuwa umebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali aliposimama mtazamaji.

Idadi zinasimulia kilichofuata. Washiriki 839 wa mwaka 2003 wakawa 2,576 mwaka uliofuata, kisha 5,619, na mwaka 2006 wakafika 8,773. Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria ya kuzibana benki zinazopitisha pesa za kamari haramu ya intaneti, na mwaka 2007 washiriki wakashuka hadi 6,358. Pigo kubwa lilikuja tarehe 15 Aprili 2011, waendesha mashtaka wa New York walipozifungulia kesi PokerStars, Full Tilt na Absolute Poker na kuzikamata anwani zao za intaneti. Matangazo ya kampuni hizo ndiyo yaliyokuwa yakivilipia vipindi vingi. Pesa ilipokatika, vipindi vikafa kimoja baada ya kingine.

Hapo ungetarajia poka ife navyo. Haikufa. Mwaka 2023 mashindano makuu ya Las Vegas yalivunja rekodi kwa washiriki 10,043, na mwaka 2024 wakawa 10,112. Meza zimejaa kuliko enzi za vipindi vile, na atakaye kutazama anatazama mtandaoni, saa nyingi mfululizo, tena kwa kucheleweshwa kidogo ili mchezaji asipenyezewe karata za mwenzake.

Kwa hiyo poka inaweza kuishi bila televisheni ya zamani. Kinachopungua ni ile hadithi ya mhasibu. Mwaka 2017, Libratus, programu ya kompyuta kutoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wachezaji bingwa wanne katika migao 120,000. Sasa wachezaji wakubwa hujifunza kwa programu za namna hiyo. Mgeni anayeketi leo akitegemea ujasiri tu anakutana na watu waliokariri hesabu.

Narudi kwenye dola 86. Tunafundishwa kuuliza nani aliandika kumbukumbu na nani ameachwa nje. Kipindi cha ESPN kilirushwa wiki kadhaa baada ya mashindano, mshindi akiwa ameshajulikana. Wahariri walichagua migao michache kati ya maelfu na kuipanga ielekee kwa Moneymaker. Waliomfuata mwaka 2004 walikuwa wamesoma kumbukumbu hiyo, na wengi wao waliondoka mikono mitupu. Kamera ilituonyesha karata mbili za mtu mmoja, nasi tukadhani tumeuona mchezo mzima.

Nilimweleza mwenzangu haya yote, labda kwa urefu kupita kiasi. Nikamuuliza wale 838 wengine walikwenda wapi.

"Hao hawana video," akasema, akacheka. Kisha akafungua simu kuangalia matokeo ya mechi zake.

Sikumwambia kitu tena. Barazani nilifundishwa kuwa anayesimama nyuma ya mchezaji hufunga mdomo, na kwa miaka mingi nimeamini hiyo ni adabu. Usiku ule sikuwa na uhakika. Karata zake niliziona vizuri kabisa.