Pumziko la Kupewa na Pumziko la Kujitwalia: Kutoka kwa Douglass hadi Hurston

Tunapohakiki fasihi ya Wamarekani Weusi, mara nyingi tunahesabu viboko, minyororo na jasho, kisha tunafunga daftari. Mapumziko tunayaona kama mapambo ya hadithi tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa pumziko nalo lina historia, tena historia ya mapambano. Swali la msingi ni hili: nani alilitoa, na pale palipopumzikiwa palikuwa pa nani?

Tuanze na Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Maryland, upande wa mashariki wa Ghuba ya Chesapeake, akatoroka mwaka 1838. Katika tawasifu yake ya mwaka 1845 anaeleza siku za kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, watumwa walipoachiwa kazi. Wachache walitengeneza mikeka na vikapu, au walikwenda kuwinda. Wengi walicheza mpira, wakashindana mieleka, wakacheza ngoma na kunywa wiski. Msomaji wa haraka atasema, "Afadhali, angalau walipata likizo!" Douglass anakataa katakata. Kwake, likizo ile ilikuwa njia ya kupunguza mvuke ili chungu kisipasuke. Mabwana waliwashindanisha watumwa kunywa, ili wakishalewa wauone uhuru wenyewe kuwa balaa, warudi shambani bila kinyongo. Wahenga hawakukosea: cha kuazima hakisitiri matako.

Humo humo kitabuni kuna picha nyingine. Jumapili, kijana huyu anasimama peke yake ukingoni mwa ghuba, anatazama matanga ya majahazi na kulia moyoni. Siku ni ya mapumziko, lakini roho haipumziki.

Sasa mtazame mwanawe. Charles Douglass na mkewe Laura walikataliwa huduma katika mkahawa wa Bay Ridge, kwenye ghuba hiyo hiyo, kwa sababu ya rangi yao. Hawakurudi kubembeleza. Mwaka 1893 walinunua zaidi ya eka 40 jirani na hapo, wakaanzisha makazi ya mapumziko ya Weusi, Highland Beach. Mzee naye akaanza kujengewa nyumba iliyoelekea majini, ili aweze kutazama ng'ambo alikozaliwa mtumwa. Alifariki Februari 1895 kabla ya kuihamia.

Hata hivyo, tusishangilie mapema. Waliojenga Highland Beach wengi wao walikuwa Weusi wenye elimu na uwezo. Je, mpishi na dobi wao walipumzika wapi?

Hapa ndipo Zora Neale Hurston anapotufaa. Katika riwaya yake ya mwaka 1937, *Their Eyes Were Watching God*, anatupeleka Eatonville, Florida, mji wa Weusi uliosajiliwa mwaka 1887, ambako yeye mwenyewe alikulia. Jioni, watu wa kazi za sulubu wanakusanyika kwenye baraza ya duka. Wanataniana, wanatunga uongo mtamu, wanabishana kuhusu nyumbu. Mchana kutwa waliamriwa. Hapa kila mmoja ana neno lake. Lakini duka ni la Joe Starks, meya wa mji, na mkewe Janie anakatazwa kuingia kwenye mazungumzo. Wanaume wanapumzika, yeye anauza. Kumbe hata baraza ya wanyonge ina bwana wake!

Janie anapata pumziko mwishoni tu, akiwa kwenye baraza ya nyumba yake mwenyewe, analoweka miguu na kumsimulia shoga yake Pheoby maisha yake. Tena simulizi hiyo ndiyo riwaya yenyewe. Asingepata pa kukaa na wa kumsikiliza, tusingekuwa na cha kuhakiki.

Basi, wanafunzi wenzangu, tukikuta wahusika wamekaa tu, tusifungue ukurasa haraka kutafuta "tukio". Tuulize kwanza baraza ni ya nani, na nani yuko ndani akiwahudumia waliokaa.